Kigae cha Juu ya Kitanda

Msambweni,
Machi 1964

Mume wangu Chirau,

Salaam zangu zikufikie huko Tanga ukiwa na afya. Sisi tu wazima, na yule mbuzi mweusi amezaa.

Juma lililopita nilisafisha paa. Masika hayako mbali, na vigae vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, maji yake yasingefaa kukingwa. Nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya: nilisugua kwa kumbi la nazi na maji matupu, nikianzia juu kushuka chini, nikikanyaga pale tu vigae vinapolaliana, maana katikati huvunjika.

Kabla ya kupanda nilipiga ukelele wako ule, "Jamani, napanda juu!" ili wanawake wajisitiri nyuani mwao. Nilisahau kuwa mimi mwenyewe ni mwanamke. Jirani yetu Bi Mishi alijitanda leso mbio mbio, akauliza, "Chirau amerudi?"

"Bado, bibi," nikamjibu.

Huko juu kulikuwa kimya kama ndotoni. Niliiona bendera mpya ya shule, nikaiona na barabara ya Lungalunga itokayo huko kwako, nyeupe, haina mtu. Niliitazama mno hata mguu ukanipotea, nikakanyaga kigae katikati.

Ni kile cha juu ya kitanda chetu. Sasa kila asubuhi jua huingia hapo, likalala upande wako. Huweka mkono wangu juu yake, lina joto.

Nasikia huko una nyumba nyingine. Sikuulizi.

Kigae kipya ninacho, nimekiegemeza ukutani. Mvua ya kwanza ikinyesha, nitakiweka.

Mimi mkeo,
Mwanaima