Spoku au Spoti, Baba Tusa

Mpendwa Baba Tusa,

Kamwene. Nakusalimu kwa Kihehe makusudi, kwa sababu wewe ulikuwa unaitikia kwa Kinyakyusa, tena kwa sauti kubwa kuliko ya salamu yenyewe, na siku yetu ilianza tukiwa tumeshabishana. Leo nakuandikia hadharani, kwenye ukurasa huuhuu wa gazeti ambamo kwa miaka mingi nimewachapa wakubwa kwa kalamu, nawe ukiusoma mezani asubuhi na kunionyesha herufi zilizokosewa badala ya kunisifu.

Niliamua kununua pikipiki. Ile ya safari, ndefu, yenye tangi kubwa, tuliyokuwa tukisimama mbele yake dukani kama watu waliokwenda kumtazama mtoto mchanga. Kilichobaki kilikuwa kuchagua magurudumu.

Wewe unajua ugomvi wenyewe, lakini wanaotuchungulia hapa hawajui. Kuna rimu za spoku, zile nyaya nyembamba zinazoshika rimu kama kwenye baiskeli, nazo kwa kawaida zinataka tyubu ndani ya tairi. Na kuna rimu za aloi, zilizomiminwa kipande kimoja, ambazo watu wa bodaboda wanaziita spoti. Hizo hazina tyubu. Tairi lenyewe linashika upepo. Wewe ulikuwa mtu wa spoku. Mimi mtu wa spoti. Tumelea binti, tumejenga nyumba Uyole, tumezika wazazi wa pande zote mbili, na katika hayo yote hatukuwahi kukubaliana kuhusu gurudumu.

Hoja yako ilikuwa nzuri, na nilikuchukia kwa uzuri wake. Ulisema spoku inanesa. Ikikutana na jiwe inapokea pigo na kuligawa, na rimu ikipinda inanyooshwa. Aloi, ulisema, ina kiburi. Haipindi, na siku ikipasuka imepasuka, mtakaa njiani mnaitazama. Kisha ulinitazama mimi, kana kwamba tulikuwa bado tunazungumzia aloi.

Unakumbuka Ruaha Mbuyuni? Tulikwenda kufuata vitunguu, kwa pikipiki yako ya zamani, na pancha ikatupata pale penye jua lisilo na huruma. Nilishikilia pikipiki isianguke huku wewe ukilibandua tairi kwa vyuma vyako viwili, jasho likikutiririka hadi kwenye soksi. Wauza vitunguu wakaacha biashara waje kutazama. Mmoja akakuuliza, "Baba mchungaji, tukuletee maji au tuombe?" Hukuwa mchungaji, ilikuwa hiyo kofia yako. Mimi nikaanza kuhutubia umma kuhusu tairi lisilo na tyubu: unachomeka utambi wa mpira kwenye tundu, unajaza upepo, unaondoka, gurudumu halijatoka mahali pake. Ukainua kichwa.

"Mama Tusa, umesoma sana. Lakini barabara haijasoma."

"Na tyubu yako nayo haijasoma. Hebu itazame, umeichana tena."

Kweli ulikuwa umeichana tena, kwa chuma chako mwenyewe. Wauza vitunguu walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya gunia. Wewe ulicheka kuliko wote.

Lakini siku niliyokupenda upya ni ile ya Mafinga. Tulikuwa tumetoka Iringa, tukaingia shimo moja lililojificha chini ya maji, na baada ya hapo gurudumu la nyuma likaanza kulia. Tukasimama kando ya misonobari. Ukachukua spana, ukagonga spoku moja moja, ukisikiliza. Mtu mwingine angetafuta iliyolegea na kuikaza. Wewe, mwimbaji wa sauti ya nne, ile besi ya kwaya, tangu ujana wako, ulisikia kitu kingine. Ukaanza kukaza hii, kulegeza ile, ukiguna chini kwa chini, jicho moja umelifumba kama mwalimu wa kwaya. Nikakuuliza unafanya nini.

"Nyamaza kidogo. Do ninayo, mi ninayo. Natafuta so."

Ukaipata. Ukapitisha spana kwenye gurudumu na kweli, Baba Tusa, gurudumu liliimba. Do, mi, so, safi kabisa, malori ya mbao yakitupita. Ukanikaribisha nipande kwa heshima zote. Hatukufika mbali. Pikipiki ilitembea kama bata aliyelewa, kiuno huku, kichwa kule, nami nikakukumbatia kwa nguvu ambazo hukuzipata hata siku ya harusi.

Fundi wa Mafinga alilizungusha gurudumu lile, akaliona linavyopiga chenga, akashika kiuno. "Hili limekazwa na nani?"

"Na sauti ya nne," ukamjibu bila aibu.

Akacheka. "Basi mzee, hapa kwetu spoku zote zinaimba sauti moja. Harmonia peleka kanisani."

Mpaka tunafika Makambako nilikuwa bado nacheka mgongoni mwako, na wewe ulikuwa unaimba.

Sasa tuje kwa binti yako. Mwezi uliopita alinisindikiza dukani kwa Bwana Abdallah, yule muuzaji wetu wa mjini Mbeya, ambaye alikuwa na pikipiki mbili za aina moja, moja ya spoku na moja ya spoti. Tusa akanishika mkono, akaniambia kwa upole, "Mama, chukua ya spoku. Baba angefurahi."

Nilimjia juu mbele ya watu. Nilimwambia sinunui magurudumu ya kuweka juu ya kaburi. Ninachukia, na nitaendelea kuchukia, hii tabia yetu ya kumgeuza marehemu kuwa mtu asiyewahi kukosea. Wiki anayozikwa, mtu mwenye hasira anakuwa mpole, bahili anakuwa karimu, na aliyeimba nje ya tuni anakuwa malaika. Wewe ulikuwa mbishi, ulikoroma, na mara nyingi ulikosea kwa furaha kubwa. Huyo ndiye niliyeolewa naye, na sitaki nibadilishiwe. Kukuachia ushinde kwa huruma ni kukufukia mara ya pili. Lakini pia sikutaka ushindi wa mezani, wa kupewa pointi kwa sababu timu ya upande wa pili haikufika uwanjani. Nikamwomba Bwana Abdallah anipe zote mbili nizijaribu, moja baada ya nyingine. Akasema, "Mama, wewe ukiandika kuhusu duka langu nitafunga, chukua tu."

Nilizipeleka kwenye barabara ya vumbi nyuma ya mashamba ya utafiti, kwenye yale mawe unayoyajua. Nakuripotia kwa haki, kama ningemripoti adui ninayemheshimu. Spoku ilikuwa laini zaidi. Mikono yangu ilisema hivyo kabla sijataka kukubali. Spoti ilinigonga kwenye viwiko kwa kila jiwe. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeshaanza kutunga sentensi ya kukukubalia.

Kisha nikasema tumalize haki yote. Pale uani nikalitoa upepo tairi la nyuma la ile ya spoku, nikachukua vyuma vyako viwili, nikaanza kulitoa kama nimepata pancha njiani. Goti hapa, chuma pale. Pikipiki ikaanza kuinama upande wangu. Bila kuwaza, bila hata kugeuka, nikapaza sauti, "Shika basi, inaanguka!"

Ikaanguka. Mimi nikakaa chini kando yake, kwenye vumbi, nikatazama mahali ambapo ungekuwa umesimama.

Ndivyo nilivyoujua ukweli wa ugomvi wetu, Baba Tusa. Hatukuwa tunabishana kuhusu rimu. Spoku ni gurudumu la watu wawili: mmoja anashika, mwingine anafungua. Kwa watu wawili ulikuwa sahihi, wakati wote, na mimi niliyesoma sana sikuona kwa sababu nilikuwa nimeshika pikipiki. Kwa mtu mmoja mwenye mgongo wa hamsini na kitu, ni spoti. Hoja iliyonipa ushindi ni kwamba haupo. Hoja yoyote nyingine duniani ningeipokea kwa furaha kuliko hii.

Nimenunua ya spoti. Nyekundu. Bwana Abdallah alinifungia mfuko wa utambi na pampu ndogo chini ya kiti, na Tusa, aliyeninunia siku mbili, ameniletea glavu mpya na kuniuliza kama kiti cha nyuma kinamtosha mtu mzima. Kinamtosha. Ameshaomba likizo. Hajui kushika chochote bila kulalamika, huyo ni damu yako, lakini ana sauti nzuri na hanyamazi.

Jumamosi tunakwenda Iringa. Nitakwenda taratibu kwenye mawe na kasi kwenye lami, na kila mara viwiko vyangu vitakapogongwa nitakutukana kwa jina lako kamili, barabarani, watu wasikie.

Pumzika, ila usikubali kushindwa kirahisi hivyo.

Mkeo mbishi,
Mama Tusa