Boti ya Néhémie na usukani uliokufa

Mama Chadia, ninakuandikia kikwembe changu cha kiunoni kingali kinachuruzika maji. Ni sababu ya ile boti mupya ya mwanangu Néhémie, ile isiyo na elisi, lile panga la kuzunguka ndani ya maji, inayovuta maji chini na kuyatema nyuma.

Fundi wa Kigoma alimuambia mbele ya Nadine, muke wake: "Papa, hii moteri ukiizima, usukani umekufa. Ukitaka kukata kona, ongeza gazi, moteri isukume maji kwa nguvu." Néhémie akacheka. "Miaka makumi mbili niko kwenye ziwa." Nadine yeye aliuliza mara mbili.

Leo tumetoka Kabimba, mimi pamoja nao wawili. Karibu na ufuko wa kwetu Néhémie akazima moteri, kama alivyozoea na mutumbwi wake wa zamani, boti iteleze yenyewe mpaka muchangani. Mbele, akina mama wanaosha sufuria, maji kwenye magoti. Akazungusha usukani. Boti ikaenda moja kwa moja. Akazungusha tena. Moja kwa moja tu, Mama Chadia.

Nadine akaona mwanamuke mumoja, mutoto mugongoni, ameganda, hakimbii.

"Washa, ongeza gazi."

"Niongeze niue watu?"

Nadine akamusukuma mume wake kwa kiuno, akawasha, akakandamiza gazi, akazungusha usukani. Boti ikageuka, wimbi likabeba sufuria zote. Sufuria tu.

Néhémie alikaa chini, kichwa mikononi. Mwisho akafungua kamba ya ufunguo wa moteri kwenye mukono wake, akaifunga kwenye mukono wa Nadine, akamuuliza:

"Fundi alisema nini? Anzia mwanzo."