Ushuhuda Nilioutoa Mapema

Bilwi, 14 Januari 1996

Shangazi yangu Clorinda,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua kuvimba, na yule jogoo wako mkorofi ameshaingia chunguni. Huku kwetu tunapumua. Mwaka mpya umetukuta na mvua.

Orlin mume wangu ni yuleyule. Tangu siku ile alipopanda haraka mno kutoka chini ya bahari na kambakoche wake mkononi, ule ugonjwa wa wapiga mbizi ukampata, miguu haijarudi, na daktari ameacha hata kutuambia tuwe na subira. Mchana naoka mikate ya nazi na kuiuza dirishani, usiku namgeuza asioze mgongo. Kidonda kimoja kikipona, kingine kinachungulia. Yeye hanilaumu wala halalamiki, anatazama dari tu. Afadhali angenitukana kidogo.

Sasa nikwambie ninaloficha. Unakumbuka ushuhuda wangu wa Septemba? Ajali ilikuwa bado mbichi. Nilisimama kanisani nikasema Bwana amenipa nguvu za ajabu, sichoki, silii. Na siku ile ilikuwa kweli! Kanisa zima liliimba. Mama Hazel, kiongozi wa akina mama, alinikumbatia hadi kofia yake ikaanguka. Tangu hapo mimi ndiye mfano. Wakija kututembelea wananikuta nimefagia, Orlin amevaa shati lililopigwa pasi, mezani pana mkate. Wanaomba, wanamsifu Mungu kwa ajili yangu, wanakwenda zao wameshiba. Mlango ukifungwa nakaa chini sakafuni.

Shangazi, nimechoka. Nikipiga magoti nasinzia. Nikifungua kinywa niombe, hakitoki kitu. Nifanyeje?

Mwanao,
Melvina


Mto Wangki, 25 Januari 1996

Mwanangu Melvina,

Amani ya Bwana iwe nawe na mumeo. Goti halijambo, maadamu nimeketi. Jogoo yu hai. Nilimhurumia, naye kesho yake akamdonoa mchungaji.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Usiogope. Hayo ni majaribu, shetani hupenda kupiga palipo na sifa. Funga kila Ijumaa, usionje hata maji mpaka jua lizame. Amka mapema uombe kwa sauti, utake usitake. Ushuhuda wako usiurudishe nyuma, utawakwaza wachanga wa imani. Mimi nilimuuguza babu yako mpaka mwisho wake, na sikuanguka. Wewe ni damu yangu, hutaanguka.

Msalimie Orlin. Mwambie dari haina jipya, ageuze macho.

Shangazi yako,
Clorinda


Bilwi, 11 Februari 1996

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima, kama hilo ndilo neno lake.

Nilifunga, kama ulivyosema. Ijumaa ya pili nilianguka jikoni na sufuria ya wabul, ule uji wa ndizi mbivu na tui aliokuwa akiusubiri Orlin. Mkono wote umeungua. Yeye aliniona kupitia mlangoni, akajivuta kuja kunisaidia, akaporomoka kutoka kitandani. Tukabaki sakafuni wote wawili, huyu huku na huyu kule, hakuna wa kumwinua mwenzake. Alilia, Shangazi. Sikuwahi kumsikia akilia, hata siku ile walipomteremsha bandarini.

"Mel," akasema, "nirudishe kwa mama. Wewe bado kijana."

Na mimi sikukataa. Mama yake yuko Sandy Bay, macho hayaoni vizuri, ndoo ya maji hawezi kuinua. Najua mume wangu hatamaliza mwaka kule. Lakini Jumanne baada ya Pasaka nampandisha mashua, nami naenda Managua kufua nguo za watu. Mwenye mashua nimeshaongea naye.

Usiniambie tena niombe. Ukiniambia sitakujibu.

Melvina


Mto Wangki, 26 Februari 1996

Mwanangu,

Hali sikuulizi, umeshanieleza. Huo mkono upake utomvu wa shubiri, na usiubebeshe maji.

Umetia jina tupu mwisho wa barua. Hukuandika mwanao. Nimeliona, na nimestahili. Nilijisifu kwamba nilimuuguza babu yako bila kuanguka. Sikukwambia kwamba tulikuwa wasichana watano mle ndani, na mama yetu jikoni.

Jumapili mchungaji alisoma habari za yule aliyepooza, ambaye wenzake wanne walitoboa paa la watu wakamteremsha hadi miguuni pa Yesu. Habari hiyo naijua tangu nina meno ya utotoni. Safari hii nilishtuka kwenye benchi hadi jirani yangu akadhani nimeumwa na siafu. Yesu aliitazama imani ya wabebaji! Yule wa kwenye mkeka hatuambiwi kama aliomba, kama aliamini, au kama alikuwa amelala fofofo. Na mimi miezi yote hii nilidhani kwenye mkeka yupo Orlin. Kumbe ni wewe, Melvina wangu.

Basi usiombe. Nakukataza kabisa. Kazi hiyo tumeichukua sisi akina mama wa huku mtoni, tunapokezana. Wewe kula ulale. Hata yule nabii aliyechoka mpaka akaomba afe, Mungu hakumhubiria. Alimpa mkate wa moto na maji, akamwacha alale tena.

Lipo jambo utakalonichukia nalo. Nimemwandikia Mama Hazel kila kitu, pamoja na habari ya sufuria. Akija, usifagie.

Shangazi yako, upende usipende,
Clorinda


Mto Wangki, 24 Machi 1996

Mwanangu Melvina,

Salamu kwa upendo. Kila lori la Waspam likipita namwuliza dereva kama ana barua yako, naye sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Najua umekasirika. Nitukane, lakini andika.

Pasaka hiyo imefika, nami naiwaza ile mashua. Ningekuja mwenyewe, ila goti limevimba tena kama papai. Jogoo nimemchinja hatimaye. Supu ilinishinda kwa mawazo, nikampa jirani.

Sikuombi ubadili nia. Nataka kujua tu kama unakula.

Shangazi yako,
Clorinda


Bilwi, 8 Aprili 1996, Jumatatu ya Pasaka

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole sana kwa goti. Ninakula. Mkono umepona, umebaki na baka tu.

Ni kweli nilikasirika. Niliona umenianika kama nguo. Mama Hazel alikuja na wenzake watatu, wanne kamili, na safari hii sikufagia, si kwa kukutii bali kwa kukosa nguvu. Aliona vyombo, akaona mgongo wa Orlin. Akavua kofia, akaiweka mezani, akauliza sabuni iko wapi.

"Mbona hukusema, mtoto wewe?"

"Nilishatoa ushuhuda," nikamjibu.

"Tulidhani tuna malaika mtaani, kumbe ni mtu! Afadhali. Malaika tungemsaidia nini?"

Nikacheka, kisha nikalia mpaka kwikwi. Tangu siku ile wanakuja kwa zamu, mmoja anafua, mwingine anamgeuza Orlin. Lakini sikukuandikia, na mashua sikuifuta. Nilikuwa bado siamini kwamba wangeendelea. Watu huanza vizuri.

Jumamosi wengine walikwenda makaburini kupaka chokaa na kung'oa majani kwa ajili ya Pasaka. Mimi waliniambia nijinyooshe kidogo. Nikalala na aproni yangu.

Nilipofumbua macho ilikuwa Jumapili asubuhi, jua liko ukutani, nyumba kimya. Kitanda cha Orlin kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa vizuri, limewekwa juu ya mto. Nilijua amekufa nikiwa nimelala, wamemchukua kumzika, wakanihurumia wasiniamshe. Nikatoka mbio kuelekea makaburini, nywele timutimu, miguu mitupu, nikiliita jina lake. Na mimi ndiye niliyetaka kumtoa nyumbani kwangu!

Njiani nikakutana na matarumbeta ya kanisa yanarudi. Nyuma yao wapiga mbizi wanne, wenzake wa zamani, wamebeba machela begani, na ndani yake Orlin, shati limenyooshwa pasi. Nani alilipiga pasi, mpaka sasa sijui.

"Mel," akasema, "viatu viko wapi?"

Nilimpiga ngumi ya bega, kisha nikamkumbatia mbele ya kanisa zima, machela nusura ianguke.

Mengine nilisimuliwa na Mama Hazel. Matarumbeta yalipofika mtaani kwetu alfajiri kuamsha watu kwa ibada ya Pasaka ya makaburini, Orlin aliwapungia mkono dirishani wanyamaze. Wakapita kwetu kimya, wakaanza kupiga tena kule kona. Halafu akawaomba wenzake wambebe. Kule makaburini, jua lilipochomoza, mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Orlin akanyoosha mkono. Unajua hajasema mbele za watu tangu ajali. Wote wakangoja habari za miguu.

Akasema, "Namshukuru Mungu. Leo mke wangu amelala."

Akashusha mkono. Mama Hazel anasema hapo wimbo haukuimbika, kila mtu alikuwa anatafuta leso.

Jana jioni niliomba, bila kuambiwa na mtu. Nilisema asante tu, nikasinzia palepale kabla ya amina. Uchovu haujaisha, Shangazi, nisikudanganye. Lakini sijisikii tena kwamba niko peke yangu na Mungu amenipa kisogo.

Mashua ya Sandy Bay inaondoka kesho. Nimemwambia mwenye nayo hatuna abiria. Ampelekee mama mkwe mikate miwili ya nazi, na amwambie mwanawe yuko nyumbani kwake Bilwi, hajambo.

Mwanao,
Melvina