Zabibu Asipande Meli Kwanza

Gisenyi, tarehe 10 Juni 1956

Mudogo wangu Saidati,

Asalaam aleikum, wewe na shemeji Faradji na wote waliomo nyumbani mwenu. Barua yako ilifika ikiwa imekunjwa mara nane, nikajua ni yako kabla ya kuona jina, maana hakuna mtu mwingine anayekunja karatasi kama anafunga sambusa. Je, tumbo lako limetulia? Na mguu wa shemeji, ule ulioangukiwa na gurudumu la lori, sasa anaukanyagia? Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Ziwa liko mahali pake.

Kabla ya mengine yote, nakutangazia rasmi, na uwatangazie Waswahili wote wa huko kwenu Buyenzi wakiwa wamesimama, ya kwamba mimi Kadiri, fundi cherehani, baba wa nyumba, mtu wa miaka arobaini na sita, nimenyoa masharubu. Yale yale uliyosema yanafaa kupakia viatu rangi. Jambo lenyewe lilikwenda hivi. Siku ya Jumanne asubuhi nilinyoa upande wa kushoto, nikaweka wembe chini kidogo, kisha nikasahau. Nikaenda kazini. Nikakaa kwenye baraza ya duka la Mwarabu nikashona kaptula mbili nzima, wateja wakija na kuondoka na adabu zao, mpaka Nyirahabimana, jirani yetu muuza samaki, alipotua beseni lake mbele yangu akauliza kama nusu nyingine nimemwachia mke wangu aivae. Nikarudi nyumbani kumalizia. Ramazani akasema kwamba baba sasa amefanana na kiazi kilichomenywa. Ana miaka tisa tu. Mdomo ule ameutoa kwako, usikatae.

Bon, habari za watoto. Ramazani amefika juzuu ya pili, lakini mwalimu wake analalamika kwamba anasoma kama mtu anayekimbia mvua. Sikuzani amemaliza miaka mitatu na ameacha kunyonya kidole. Sasa ananyonya kona ya shuka, tena kona moja tu, ukimpa nyingine anaijua. Ana kazi mpya. Kila mama yake anapopita karibu, yeye anainua paji la uso juu, anafumba macho na kungoja. Mukamana anaweka kiganja, anasikiliza kama mtu anayesikiliza mlango, kisha anapita. Mtoto anarudi kwenye mchezo wake. Siku moja nimehesabu, ikafika mara kumi na nne kabla ya adhuhuri. Ramazani yeye anakwepa, anasema yeye si sufuria.

Hiyo imeanza tangu mwezi wa pili, tangu Mwamini.

Ulinituma nikuandikie juu ya Idi ilivyokwenda. Ilikwenda. Tulisali, tulikula pilau, Nyirahabimana alituletea sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga ingawa yeye ni mtu wa misa. Unajua desturi yangu: kila Idi nanunua kitambaa kimoja na kukata nguo za watoto wote siku moja, ili asiwepo wa kununa kwamba ya mwenzake ni nzuri zaidi. Vipimo vyao siandiki, viko mkononi. Mwaka huu nilichagua kitambaa cha samawati chenye nukta. Nikakata, nikashona, nikafika kwenye vifungo. Hapo ndipo nilipoona kwamba nimeshika gauni la Mwamini. Nguo tatu, na watoto wawili. Hata urefu nilikuwa nimeongeza vidole viwili, kwa sababu ya kukua.

Nilimaliza vifungo. Sikujua jambo jingine la kufanya. Mukamana hakunigombeza. Alilikunja gauni akaliweka chini ya kanga zake, akaniambia niende nikale.

Watu walinisifu wakati wa matanga. Walisema Kadiri ni mwanaume, anapokea mambo ya Mungu kwa utulivu. Mi sikuwa nimepokea kitu chochote. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na miguu imekufa ganzi, na baadaye miguu ikaamka, mimi mwenyewe sikuamka. Hata leo nikila sijui kama chumvi ipo, namwangalia Ramazani usoni ili nijue. Watu wakicheka kwa maneno yangu nafurahi, kwa sababu najua hapo nimefanya kama Kadiri anavyofanya.

Sasa nije kwenye barua yako. Niliisoma mara ya kwanza peke yangu, kisha nikamsomea Mukamana. Umesema nyumba iliyopoteza mtoto haiachwi na pengo, na kwamba utamtoa Zabibu wako aje akae kwetu mwaka mmoja au miwili, kama Mama alivyokupeleka wewe Busasamana kwa shangazi Mukagasana alipomzika mwanawe. Nakumbuka ulikuwa na miaka sita kama Zabibu, na ulipelekwa ukiwa umebeba kuku. Umesema shemeji amekubali, atampakia kwenye lori mpaka Bukavu, na huko mtu wake atampandisha meli ya kuja kwetu mwisho wa mwezi huu. Umesema nisijibu chochote ila neno ndiyo.

Mukamana alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie ile sehemu ya meli. Halafu alisimama, akalitoa lile gauni, akaniuliza Zabibu ana urefu gani. Nikamwonyesha kwa mkono, nikikisia. Akasema basi halitaharibika. Tangu siku hiyo amefua godoro dogo, ameomba kwa Nyirahabimana kikapu cha kuwekea nguo, na amewaambia watoto kwamba dada yao anakuja kutoka Usumbura na kwamba huko kuna viboko wanaotembea barabarani. Ramazani anataka kujua kama Zabibu amewahi kupanda mmoja. Juzi nilimsikia Mukamana akiimba anapotwanga. Sauti ilikuwa mbovu kama zamani.

Donc ungeona hakuna tatizo. Nimeshika kalamu mara tatu niandike lile neno moja, na mara tatu nimekuta nimeandika juu ya masharubu. Sasa nitaandika lile jingine, na wewe usome ukiwa umekaa.

Mwamini hakufa kwa homa.

Ni kweli asubuhi ile Mukamana alimgusa paji la uso akasema ana joto kidogo, nimwache nyumbani. Ilikuwa Alhamisi. Mimi nilikuwa napeleka suruali kwa mtu mmoja anayekaa kule kwenye mawe ya volkano, karibu na mpaka wa Goma, na Mwamini alikuwa amenishika mguu akilia twende wote. Nikamwambia mama yake kwamba joto lile ni la kulia tu, upepo utalitoa. Na kweli lilitoka. Njiani alikuwa mzima kabisa, aliimba herufi zote za Kiarabu na nyingine ambazo Waarabu wenyewe hawana.

Wewe umekulia hapa, unayajua mazuku. Shemeji umweleze, kwa sababu kwao hakuna: ni hewa mbaya, haina harufu, haina rangi, inalala kwenye mashimo ya yale mawe kama maji kwenye sahani. Inaua panya, ndege, mbuzi. Sisi tulifundishwa kwamba ni ya usiku na alfajiri, na kwamba jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, inaondoka. Na mtu mzima anapita pembeni bila kujua lolote, maana pua yake iko juu.

Tulipotoka kupeleka suruali ilikuwa saa nne na jua linachoma. Mwamini akataka tucheze kujificha. Huo ulikuwa mchezo wetu, na kanuni yake unaijua, hata wewe nilikuwa nakuchezesha hivyo hivyo: yeye anajificha vibaya, na mimi simwoni. Nikageuka nikahesabu mpaka kumi. Nilipogeuka tena, nikaona kona ya nguo yake ya njano kwenye kishimo kimoja kando ya njia. Kando ya kile kishimo wachungaji walikuwa wamesimamisha tawi kavu la kuonya. Tawi nililiona, Saidati. Nilijua maana yake. Nikasema moyoni kwamba tawi ni la asubuhi, na sasa jua limeshapanda. Upepo sikuuangalia. Haukuwepo.

Nikaanza kazi yangu. Niliuliza jiwe moja kwa sauti kubwa kama limeona mtoto wa fundi Kadiri. Nikauliza jingine. Nikamuuliza mjusi, nikamwambia aape. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na nilikuwa napumua vizuri kabisa. Alicheka mara moja, kile kicheko chake cha kuziba mdomo. Kisha akanyamaza. Nikafurahi, nikasema kwa sauti ili anisikie kwamba leo mtoto huyu amekuwa hodari, leo baba ameshindwa. Nikapiga hatua za kwenda mbali ili adhani nimemwacha. Nikakaa juu ya jiwe, nikawasha sigara, nikaivuta yote.

Nilipoinama kumtoa, pumzi yangu mwenyewe ilikatika, hapo ndipo nilipojua. Nikamvuta kwa mkono mmoja mpaka njiani. Nikampuliza usoni, nikamtikisa, nikamwita. Alikuwa na uvuguvugu. Kiganja chake kilikuwa bado kimeziba mdomo, kikaanguka nilipomnyanyua.

Nilimbeba begani. Karibu na soko nikakutana na Nyirahabimana na beseni lake, akauliza kwa sauti ya chini kama mtoto amelala. Nikamjibu ni homa. Sikulipanga neno hilo. Lilitoka tu, kama unavyomjibu mtu salama akikuuliza habari. Yeye akaliacha beseni palepale kwa mwenzake, akakata njia ya mkato kumwambia Mukamana atayarishe maji ya kumpoza. Miguu yake unaijua. Nilipofika mlangoni homa ilikuwa imefika kabla yangu. Mukamana alitoka na kitambaa chenye maji mkononi, akaweka kiganja kwenye paji la mtoto, akakiacha hapo. Akasema alijua, aligusa kwa mkono wake huu asubuhi, akajua, na bado akamruhusu aende.

Nilikuwa na muda wa kusema. Nilikuwa na muda wote wa kuosha, na wa kukata sanda, ambayo nimeikata mimi, na wa kwenda makaburini kabla ya alasiri. Hakuna aliyeniuliza kitu, wote walikuwa na jibu. Nikawaachia. Na sasa ni miezi minne mke wangu anapita nyumbani akigusa vichwa vya watoto, akitafuta kosa ambalo si lake. Nimeliona kila siku, mara kumi na nne kabla ya adhuhuri, na nimeendelea kushona.

Mukamana hajanilaumu hata siku moja kwa kumchukua mtoto. Anasema baba alikuwa anamfurahisha.

Sikuandikii haya ili unihurumie, wala ili uniambie ni mapenzi ya Mungu, mwalimu ameshaniambia. Nakuandikia kwa sababu ungempandisha Zabibu kwenye meli ukidhani unampeleka kwenye nyumba iliyopitiwa na homa. Homa inaweza kuingia nyumba yoyote, hakuna mama anayemnyima kaka yake mtoto kwa sababu ya homa. Lakini hili sikuletewa, nililifanya, kisha nikamwachia mwingine alibebe. Mtoto ni wako. Usimtoe bila kujua unampa nani.

Nilikusudia kukuandikia wewe kwanza, kwa kuwa wewe uko mbali na huwezi kuniangalia. Huo ni uoga, nimeuona nikiwa hapa katikati ya karatasi. Kwa hiyo nimeamua hivi. Mukamana hasomi, barua zako zote namsomea mimi, na yeye anakaa na mikono mapajani kama yuko msikitini. Sasa yuko uani anafua. Nikitia sahihi nitamwita, nitamwomba aketi, nimsomee hii kama ninavyomsomea zako, kuanzia masharubu, bila kuruka mstari. Posta siendi kabla. Basi kama umeishika mkononi, ujue ameshaisikia yote.

Baada ya hapo sijui. Zabibu asipande meli mpaka mtakaposema nyinyi wawili, wewe na Mukamana. Mimi msiniulize.

Msalimie shemeji Faradji, aangalie ule mguu. Wasalimie watoto kila mmoja kwa jina lake. Mbusu Zabibu, usimwambie ni kwa nini.

Ndimi kaka yako,

Kadiri, fundi