Salamu kwa Mama

Mtongwe, 8 Juni 2025

Mdogo wangu Rashad,

Assalaam aleikum. Hujambo, na watoto hawajambo? Sisi huku tuzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu mama atutoke. Nakuandikia kwa sababu simu zako huzipokea Dancun, msaidizi wako, na jawabu ni lile lile: "Mheshimiwa yuko mkutanoni."

Kwa siku ya maziko sikulaumu. Ulikuwa ng'ambo, Dancun akatwambia ndege imeshatua, tungoje. Tukangoja. Adhuhuri ikapita, wazee wakaanza kutazamana, maana maiti hacheleweshwi. Baada ya alasiri imamu akasema, "Waziri atatukuta kaburini." Mwanangu Abubakar ndiye aliyeshuka kumpokea bibi yake. Mahali pale palikuwa pako.

Nimeliona lile kawa alilokuwa mama akifunikia sahani yako. Tangu ulipokuwa diwani mwenye shati moja jeupe, yeye akilifua kila urudipo mkutanoni, Ijumaa hakukosa kukuwekea wali. Ulipopata ubunge ukawa waja mara moja moja. Ulipopata uwaziri, jioni akimpa Abubakar wali ule, na Ijumaa ya pili akakuwekea tena.

Hitima ya arubaini ni Ijumaa, tarehe nne Julai. Njoo ukae mkekani na watu, umsomee Yasini kwa mdomo wako. Vipaza sauti viache huko huko.

Dadako,
Mwanarusi


Nairobi, 19 Juni 2025

Kwa Bi. Mwanarusi,

Natumai barua hii itakukuta wewe na jamaa wote mkiwa na afya njema. Hasa natumai mama yu mzima, na naomba umfikishie salamu zangu nyingi.

Barua yako imepokelewa na mwaliko umezingatiwa. Nitafanya kila jitihada kuhudhuria hafla hiyo, shughuli za kitaifa zikiruhusu. Aidha, nawashukuru wakazi wa Mtongwe kwa kuendelea kuniunga mkono.

Wako katika kulitumikia taifa,
Mhe. Rashad Mwakombo
Waziri


Mtongwe, 6 Julai 2025

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima. Hitima tumeisoma, watu walijaa mpaka barazani. Hema lako lilifika, na maji ya chupa yenye picha yako yakafika. Wewe hukufika.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Najua si maneno yako. Aliyeiandika alifunzwa kwamba barua huanza kwa kumjulia mzazi hali, na hapo hakukosea. Lakini sahihi ni yako, naijua tangu shuleni.

Salamu ni amana. Nilikwenda nikasimama nje ya ua wa makaburi nikasema, "Mama, Rashad akusalimu." Nikaona haya, nikarudi nyumbani.

Sitaandika tena mpaka uniandikie wewe. Si hasira, ni kuchoka.

Dadako,
Mwanarusi


Nairobi, 12 Novemba 2025

Dada,

Shikamoo. Hujambo? Abubakar hajambo?

Bila shaka umesikia redioni kwamba nimeondolewa. Nami nilisikia redioni, nikiwa garini. Dereva alipunguza sauti, kisha akaniuliza kama bado twende ofisini. Tangu siku ile simu yangu imenyamaza. Dancun alipiga mara moja, kuulizia funguo za gari.

Barua yako ya kwanza niliiona. Nilimwambia Dancun, "Mjibu dada vizuri," nikadhani nimetimiza wajibu. Jibu lililetwa na makaratasi mengine, nikalitia sahihi bila kulisoma. Ile yako ya Julai niliisoma mwenyewe. Imekaa mfukoni mwa koti langu mpaka imechakaa mikunjoni, na kila nikishika kalamu sijui nianzie wapi, maana barua huanza kwa salamu.

Nataka kuja nyumbani. Naogopa watu. Ile zahanati nimewaahidi kila uchaguzi. Na nakuogopa wewe zaidi yao. Nije?

Mdogo wako,
Rashad


Mtongwe, 17 Novemba 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote tuzima, alhamdulillahi.

Kuchekwa utachekwa, usijidanganye. Jirani yetu Bi Asmaa ameshaanza: "Waziri wenu sasa ataijua bei ya mchicha!" Nikamwambia, "Aliijua zamani, mama alikuwa akimtuma sokoni Kongowea." Akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi na aje," akasema, "anichukulie na wangu." Zahanati watakuuliza, nawe utawajibu. Hilo siwezi kukusaidia.

Njoo Ijumaa hii. Vuka feri kwa miguu, Abubakar atakungoja upande wa Likoni. Usije nyumbani moja kwa moja. Piteni kwanza makaburini, akuonyeshe ni lipi, kwa kuwa wewe hulijui. Zile salamu mpe mwenyewe. Mimi sikuweza kuzifikisha vizuri.

Wali utaukuta chini ya kawa. Ukichelewa utapoa, lakini mara hii simpi Abubakar.

Dadako,
Mwanarusi