Kwa Fundi Mansuri, Aliyemngoja Rafiki Siku Tatu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka Jumatano ile kabla ya adhuhuri. Watu hutuambia kwamba mwaka ukipita moyo hutulia. Wetu haujatulia, na hatutaandika hapa kwamba umetulia ili tangazo hili la gazetini lipendeze.

Tuanze na mazuri yako, maana ni mengi na hatutaki yafunikwe na yaliyofuata.

Ulikuwa fundi bodi wa magari kwa miaka thelathini na minane, pale pale Mwembesongo. Mlango uliobonyea uliugonga taratibu kwa nyundo ya mbao huku ukiusemesha, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale uji. Shati la gereji hukuliingiza ndani ya nyumba. Ulilivua uani, ukanawa, ndipo ukatusalimia. Ulikunywa chai bila sukari na kumlaumu Mama kwamba chai yake haina ladha, ingawa sukari uliiacha mwenyewe.

Na ulikuwa na mchezo wako. Kila Jumamosi baada ya alasiri ulituma kwenye kundi la WhatsApp picha ya kipande kimoja tu cha gari la zamani: kitasa, kona ya bampa, taa ya nyuma, alama ya boneti iliyofutika nusu. Chini yake uliandika, "Gari gani hii?" Basi watu thelathini na saba, walimu, madereva wastaafu, wauza matunda wa Mkuyuni na wahadhiri wawili, wakaanza kubishana. Kutafuta jibu mtandaoni ilikuwa marufuku. Aliyepatia alitakiwa aeleze gari hilo alilijulia wapi, na utamu wote ulikuwa hapo. Mmoja alipelekwa Matombo kuolewa akiwa nyuma ya lori la Bedford, juu ya magunia ya ndizi. Mwingine alijifunza kuendesha kwa Land Rover isiyo na breki kwenye miteremko ya Uluguru. Tukishindwa tulikupa mji, kama kwenye kitendawili, nawe ulichukua Mkuyuni ulikozaliwa, wiki baada ya wiki, kana kwamba hatujawahi kukupa. Ndipo ukataja jina la gari na mwaka wake.

Jumapili ile ulipanda baiskeli saa mbili asubuhi kwenda Kingolwira. Ulikuwa umesikia kwamba kuna lori kuukuu limelala shambani kwa mtu, ukataka kulipiga picha ya mchezo. Hukufika. Gari lilikugonga kwa nyuma ukaangukia mtaroni. Dereva alisimama. Hilo tunalijua sasa. Alifungua mlango, akashuka, akakutazama, akarudi ndani, akaondoka. Angelina, anayeuza mboga kando ya barabara, ndiye aliyekufunga mguu kwa khanga yake na kusimamisha pikapu ikupeleke hospitali.

Ulilazwa siku tatu. Askari walikuja wakakuuliza, ukawaambia hukuona kitu. Walipoondoka Mama alivuta kiti akakaa karibu yako, maana anakujua.

"Baba Hafidha, kweli hukuliona?"

"Nimeliona, Mama Hafidha. Na mwenyewe nimemwona. Mwacheni, atakuja."

Mama akataka umtaje. Ukatikisa kichwa.

"Nikimtaja atakuwa ameletwa. Mimi nataka aje."

Tunakukasirikia kwa hilo, Baba. Tulikuwa hatujawahi kukwambia neno kama hilo ukiwa hai, na tunakuomba radhi kwa kukwambia leo mbele za watu, lakini ndiyo kweli. Kila saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika uligeuza shingo kuelekea mlangoni. Akaingia muuguzi, akaingia jirani, wakaingia watu wa wagonjwa wengine. Jumanne jioni uliomba tukubadilishie shati, ukasema huenda mtu akaja. Kesho yake asubuhi hali yako ilibadilika ghafla, ukaenda zako.

Uliyemngoja alikuja mazishini. Alibeba jeneza, akatia udongo kwa mikono yake. Siku ya tatu alikula wali nyumbani kwako na kumwambia Mama, "Shemeji, tumepoteza mtu." Mama akamshukuru kwa kututembelea. Shukrani hiyo ndiyo inayotuwasha hadi leo.

Wiki iliyofuata mwanao Nassoro alikwenda pale ulipoangukia. Katika majani ya mtaroni akaokota ringi ya taa kubwa, ya nikeli, imepinda upande mmoja. Sisi wanao hatukurithi ujuzi wako. Kwetu ilikuwa ringi tu. Jumamosi, baada ya alasiri, Hafidha akaipiga picha na kuituma kwenye kundi lako. Akaandika, "Gari gani hii? Imeokotwa alipogongwa Baba."

Wote waliiona picha, simu inaonyesha. Watu waliowahi kuitambua Austin kwa skrubu ya kioo cha pembeni, watu waliogombana wiki nzima kuhusu Datsun mbili zilizotofautiana kitasa tu, hawakuwa na la kusema. Mmoja alituma picha ya maua na salamu za jioni njema. Mmoja alijitoa kwenye kundi. Jumapili simu zikaanza kuingia kwa Nassoro, na hakuna hata moja iliyojibu swali. Walisema marehemu harudi. Walisema tuyamalize kiutu uzima, mjini tunaishi pamoja. Mwingine, ambaye watoto wake walikua wakila kwetu, alimshauri Nassoro aitupe ringi hiyo kwa sababu inaleta fitina.

Jumatatu jioni Mzee Elia, dereva mstaafu uliyempenda kwa sababu hakupatia hata mara moja, aliandika hivi: "Peugeot 404, ya mwaka 1967. Ringi ya taa ya kushoto. Ya asili ilipotea, hii Mansuri aliichonga mwenyewe nikiwa nimekaa naye gerejini. Mjini hapa ninaijua moja tu." Baada ya dakika mbili akaandika tena: "Nilijua tangu Jumamosi. Nisameheni wanangu, niliogopa."

Kesho yake alivaa koti na kwenda na Nassoro kituoni kutoa maelezo. Angelina naye alipofuatwa hakukataa. Alisema alikuwa akingoja mtu amuulize. Gari lilikutwa bandani chini ya turubai, taa ya kulia ya zamani, ya kushoto mpya.

Mwenye gari ulikuwa naye kwenye mchezo tangu wiki ya kwanza. Gari lile uliliokota naye likiwa gofu lenye kuku ndani, ukalinyoosha bodi miezi minne. Wote walilijua. Ndiyo maana walinyamaza. Jina lake hatuliandiki, maana kesi haijaisha, na nafasi hii ya gazeti ni yako.

Kabla ya kesi kutajwa alikuja nyumbani na wazee wawili. Mama alimpokea barazani, akamkaribisha chai. Akasema aliogopa, akasema alidhani umekwisha kufa pale pale mtaroni. Akalia. Mmoja wa wazee akamwomba Mama atamke kwamba amesamehe ili mambo yaishe.

Mama akamwambia yule mtu, si mzee, "Shemeji, aliyekuwa na msamaha wako alikuwa kitanda cha pili kutoka mlangoni. Siku tatu anakungoja. Hospitali ulikuwa unaijua."

Hakupandisha sauti. Aliingia ndani, akawaacha na vikombe vyao.

Mwezi uliopita alikiri kosa mahakamani. Hukumu inangojewa. Tulidhani siku akikiri tutapumua. Tulitoka pale tukiwa na hasira zaidi, kwa sababu maneno yale yalimchukua dakika moja kuyasema.

Wapo wanaotutuliza kwamba ni mapenzi ya Mungu. Tunaamini kila kifo kina siku yake, wewe ndiye uliyetufundisha. Lakini kushuka garini, kumtazama rafiki mtaroni na kurudi ndani kuwasha gari, hilo Mungu asisingiziwe. Wala kunyamaza kwa watu wale si kazi ya Mungu. Waliogopa kumkosa mtu mwenye nafasi mjini. Kukukosa wewe hawakuogopa.

Dua yako itasomwa nyumbani Mwembesongo Ijumaa hii baada ya sala. Ndugu, majirani na marafiki wote mnakaribishwa.

Na ninyi mliojua mkanyamaza, nanyi mnakaribishwa. Sisi watoto tulikataa. Mama ndiye aliyetaka mwaliko huu uandikwe. Ametoa sharti moja tu. Kila mmoja wenu, kabla hajavua viatu, apite kwake pale barazani, amtazame usoni, aseme kwa mdomo wake, "Nilijua." Halafu aingie akae na wenzake. Chakula kitatosha.

Unakumbukwa na mkeo Mwanvita; wanao Hafidha na Nassoro; mkweo Mohamedi; wajukuu zako Furaha na Stambuli; dada yako Hadija wa Mkuyuni na ukoo mzima wa huko milimani; Angelina, ambaye Mama sasa humwita mdogo wake; na Mzee Elia, anayekuja kila Jumamosi kukaa gerejini hata kama hana la kufanya.

Mwaka huu tumekukumbuka kwa hasira, Baba. Miaka ijayo, Mungu akitujalia upole, tutakukumbuka kwa upole. Kukusahau, hapana.