Alama Alizojipa Mwenyewe

2 Februari

Dada,
Shikamoo. Mimi mzima kabisa, wasiwasi wangu ni mgongo wa baba na miguu yako ya kusimama saluni kutwa nzima. Mnaendeleaje?
Mtihani wa somo la dawa hapa chuoni ni baada ya wiki mbili. Noti nimezisoma mpaka zimelainika, kila mstari nimeupaka rangi ya njano. Nikifungua ukurasa wowote, naujua! Ninayekaa naye chumba kimoja ananichekesha: anafunga daftari, anajiandikia kwenye karatasi tupu, halafu anashika kichwa, "Mbona sijui kitu?" Maskini wa watu. Mwambie baba mwanawe yuko vizuri.
Mdogo wako

9 Februari

Mdogo wangu,
Marahaba. Baba anainuka, tunashukuru. Miguu yangu usiiulize, nimesuka mpaka vidole vimekufa ganzi.
Nimefurahi, lakini hilo la kuujua ukurasa ukiwa umeufungua limenikaa vibaya. Na ukiufunga je? Usinune. Baba alituuliza sote wawili kama chuo tutakiweza, wewe ukasema "naweza", mimi nikasema "nitajaribu", akakutanguliza. Ukimaliza ndipo zamu yangu. Nina miaka ishirini na sita, bado nangoja.
Dada yako

17 Aprili

Dada,
Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Natumaini nyote hamjambo.
Nimefeli. Mwalimu wetu ana mtindo wake: kabla hujakabidhi karatasi, unaandika juu yake alama unazotarajia. Niliandika tisini. Nimepata thelathini na moja. Yule mwenzangu aliandika arobaini, akapata sabini na nane! Lazima aliyaona maswali mahali. Mimi yote nilikuwa nayajua, ni vile walivyoyapindapinda. Nilipofika chumbani nikafungua noti, kila kitu kikanirudia.
Kuna marudio Juni. Nikianguka tena wananifukuza. Lakini ondoa shaka, noti zilezile nimeshazirudia mara nne. Baba usimwambie.
Mdogo wako

25 Aprili

Mdogo wangu,
Marahaba. Sisi wazima, wewe ndiye mgonjwa na hujijui.
Kilikurudia ulipofungua noti! Hivi unajisikia unachoandika? Nakuomba, nenda kwa huyo mwenzio. Akuulize daftari likiwa limefungwa, uaibike humo chumbani, si mbele ya mtihani. Unachezea zamu yangu, wewe.
Dada yako

3 Agosti

Mdogo wangu,
Leo hali yako siiulizi. Umempigia baba simu, mimi umenikwepa, lakini nimesikia yote. Kwamba safari hii uliandika tisini na tano, ukafeli tena, wakakufukuza. Kwamba kwa mwenzio hukwenda kwa sababu mambo yalikuwa "yameshaingia kichwani". Yaliingia wapi?
Baba hakukugombeza. Aliniita nikiwa bado na rangi ya nywele mikononi. "Mwenye akili wa nyumba hii ndiye huyo kashindwa," akasema, "sembuse wewe msusi? Chuo tuachane nacho." Nikamwambia, baba, nijaribu mimi kwanza ndipo useme. Akageukia ukutani.
Nina hasira nawe. Mimi sijakaa kwenye dawati, sijapewa karatasi, sijaulizwa swali hata moja. Hata kufeli kwangu umenifelia wewe.
Dada yako